Karanga au Njugu?
Mwambao hupenda kusema njugu, bara, karanga. Wapo waonao kuwa karanga ni neno la mitaani tu. Sisi hatukubali. Neno hilo lina nasaba moja na kitenzi kukaranga, yaani kukaanga. Wanyarwanda waliopokewa Mwese, wilayani Mpanda, katika miaka ya 1960, nao husema gukaranga kwa maana hiyo hiyo, ijapokuwa zao lenyewe huliita ubunyobwa.

Asili ya karanga ni Amerika ya Kusini. Njugu ya kale ya Afrika ni njugu mawe. Basi afisa aandikaye “mbegu za njugu” bila kufafanua aweza kumpelekea mkulima mbegu asiyoihitaji, na msimu ukampita. Ndugu viongozi, waulizeni kwanza wakulima, ndipo muandike.