Kuingia Katika Ufundi wa Tovuti Bila Uzoefu

Karani wa ghala atakaye kuacha daftari na kujenga tovuti hukabiliwa na fumbo: waajiri hudai uzoefu, na uzoefu hupatikana kazini. Je, fumbo hili hufumbuliwaje?

Jibu limo katika asili ya ufundi wenyewe. Tim Berners-Lee alipendekeza mfumo wa wavuti mwaka 1989, katika kituo cha CERN karibu na Geneva, na mwaka 1993 CERN iliuachia umma bila malipo. Hadi leo kivinjari cha kompyuta huweza kumfunulia msomaji maandishi yaundayo ukurasa alioufungua. Lugha zake kuu ni tatu: HTML hupanga yaliyomo, CSS huyapa sura, na JavaScript, iliyobuniwa mwaka 1995, huuwezesha ukurasa kuitikia vitendo vya mtumiaji. Kompyuta moja ya kawaida yatosha kuanzia.

Hatari ni kunakili masomo bila kuyaelewa. Mwanafunzi hana budi afunge kitabu, ajenge kitu chake. Karani yule aweza kutengeneza ukurasa wa kuhesabu mali ya ghala, unaokataa idadi iliyo chini ya sifuri na kuonya bidhaa zinapopungua. Ujuzi wake wa zamani haupotei, kwani anayajua makosa ambayo fundi mgeni asingeyawazia.

Kazi hiyo haimhakikishii ajira, wala haifupishi miezi ya mazoezi. Lakini humpa mwajiri kitu cha kupima badala ya ahadi.