Kama Shule ya Serikali ni Bure, Mbona Wazazi Wengi Wanalipa Kwingine?

Jumapili jioni kabla ya shule kufunguliwa, mazungumzo kwenye ploti nyingi za Nairobi huwa ni yaleyale. Jirani anakuuliza: "Si kuna shule ya serikali hapo tu, na ni bure? Mbona unajitesa na karo?" Nawe unajibu kwa kifupi, "Ni hesabu yangu," kisha unarudi kuhesabu pesa zilizobaki kwenye simu.

Sisi tunashughulika na malipo, kwa hivyo kila muhula unapofunguliwa tunasikia maswali mengi ya karo. Leo hatutakuambia umpeleke mtoto wapi. Hiyo ni kazi ya mzazi. Tunataka tuangalie kwa nini familia zenye kipato kidogo huchagua shule ya kibinafsi, na jinsi ya kupiga hesabu kamili kabla ya kutuma shilingi ya kwanza.

Neno "bure" lilitoka wapi?

Januari 2003, serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi za umma. Zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka darasani. Mzee Kimani Maruge naye alijiunga na darasa la kwanza kule Eldoret mwaka wa 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikaifanya elimu ya msingi ya bure na ya lazima kuwa haki ya kila mtoto.

Lakini hebu tuangalie pesa zenyewe. Walimu walioajiriwa na TSC hulipwa na serikali moja kwa moja. Kwa matumizi mengine, mgao wa mwanafunzi wa shule ya msingi umekuwa KSh 1,420 kwa mwaka, kwa miaka mingi sasa. Ukigawanya kwa miezi tisa ya masomo, ni kama shilingi 158 kwa mwezi. Hizo ndizo za vitabu, chaki, maji, stima na ukarabati. Mgao ukichelewa, mwalimu mkuu anabaki na shule ya kuendesha na mfuko mtupu. Hapo ndipo barua ndogo ndogo zinaanza kuletwa nyumbani: pesa ya mtihani, pesa ya mlinzi, pesa ya dawati. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza karo ya masomo katika shule za umma, lakini mzazi anajua kwamba barua huja tu.

Sababu ambazo wazazi hutoa

Ya kwanza ni umbali. Mitaa ya mabanda ilikua haraka kuliko shule za umma. Mwaka wa 2003, mtafiti James Tooley na wenzake walihesabu shule ndani ya Kibera. Walikuta za kibinafsi 76, huku za umma zikiwa tano tu, tena pembezoni mwa mtaa. Kwa mtoto wa Gredi ya 1, tofauti kati ya kutembea dakika tano na kuvuka barabara kubwa peke yake si jambo dogo.

Ya pili ni idadi ya watoto darasani. Katika shule za umma za mjini si ajabu kukuta watoto 70 au zaidi mbele ya mwalimu mmoja. Mwalimu huyo amesomea kazi yake na amesajiliwa, lakini hawezi kusahihisha vitabu 70 kila jioni. Shule ndogo ya kibinafsi inaweza kuwa na watoto 25, na mwalimu anamjua mama ya kila mmoja.

Ya tatu ni saa. Mzazi anayefanya kibarua kwenye viwanda vya Industrial Area hutoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Shule nyingi za kibinafsi hupokea mtoto mapema na kumwachilia jioni. Kwa mzazi kama huyo, karo inalipia masomo na pia mahali salama pa mtoto kukaa.

Ya nne ni kusikilizwa. Mwenye shule ya kibinafsi anajua mzazi akihama, anahama na karo yake. Ukienda kulalamika, unapewa kiti. Halafu kuna kumbukumbu za migomo: Septemba 2015, mgomo wa walimu ulilemaza masomo katika shule za umma kwa takriban wiki tano. Mzazi aliyepitia hayo hasahau.

Ya tano inatuhusu sisi pia: namna ya kulipa. Bridge International Academies, iliyofungua shule yake ya kwanza Mukuru mwaka wa 2009, ilipokea karo kwa simu. Shule nyingi ndogo nazo hukubali malipo ya kila wiki, hata ya kila siku. Mtu anayelipwa kwa siku hawezi kutoa elfu tano kwa mpigo, lakini mia mbili ya leo anaweza. Wakati mwingine mzazi huchagua shule kwa sababu inakubali pesa jinsi zinavyokuja.

Upande wa pili wa shilingi

Sasa ngoja. Kulipa hakumaanishi kwamba umepata bora. Baadhi ya shule hizi zina walimu ambao hawajasomea ualimu, wanaolipwa kidogo na kuhama katikati ya muhula. Nyingine zimejengwa kwa mabati na mbao bila ukaguzi. Septemba 2019, darasa la shule moja ya kibinafsi eneo la Dagoretti liliporomoka asubuhi na kuua wanafunzi wanane. Kabla ya kuuliza karo ni ngapi, uliza jengo limekaguliwa lini.

Kuna pia suala la usajili. Tangu 2009 serikali ina sera ya shule za elimu mbadala, zile zinazojulikana kama APBET, lakini si kila shule imesajiliwa. Mtoto anahitaji kusajiliwa na KNEC ili afanye tathmini ya Gredi ya 6 na ya Gredi ya 9. Shule isiyo na kituo humpeleka mtoto kufanyia kwingine, na mzazi akigundua hivyo dakika ya mwisho, anapata bili mpya na wasiwasi mpya.

Na shule za umma hazijakaa tu. Hapa Nairobi, tangu 2023 mpango wa Dishi na County huwapa wanafunzi wa shule za msingi za umma chakula cha mchana kwa shilingi tano, wakilipa kwa bangili ya mkononi ambayo mzazi huiwekea pesa kwa simu. Kwa familia yenye watoto watatu, hilo peke yake linaweza kubadilisha hesabu yote.

Piga hesabu ya mwaka mzima

Wengi wetu hulinganisha karo na sifuri. Hapo ndipo tunakosea. Linganisha gharama yote ya mwaka upande huu na gharama yote ya mwaka upande ule. Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye mtoto mmoja, na mwaka wenye siku 180 za shule. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako.

Shule ya kibinafsi iliyo karibu:
- Karo KSh 4,500 kwa muhula, mihula mitatu: 13,500
- Chakula KSh 50 kwa siku: 9,000
- Sare: 2,500
- Mitihani KSh 300 kwa muhula: 900
- Jumla: KSh 25,900

Shule ya umma iliyo mbali kidogo:
- Karo: 0
- Chakula KSh 5 kwa siku: 900
- Matatu KSh 40 kwenda na kurudi: 7,200
- Jirani wa kumwangalia mtoto jioni, KSh 200 kwa wiki, wiki 36: 7,200
- Sare: 2,500
- Michango ya hapa na pale: 1,500
- Jumla: KSh 19,300

Umeona? "Bure" imekuwa zaidi ya elfu kumi na tisa. Tofauti ya shule hizi mbili si KSh 25,900, ni KSh 6,600 kwa mwaka. Kwa mama huyu, swali ni kama darasa dogo na jioni tulivu vina thamani ya KSh 6,600. Lakini kama shule ya umma iko karibu na bibi yuko nyumbani mchana, toa matatu na toa jirani. Jumla inashuka hadi KSh 4,900, na tofauti inapanda hadi KSh 21,000. Hapo jibu linaweza kubadilika kabisa. Ndiyo maana majirani wawili wenye kipato sawa wanaweza kuchagua tofauti, na wote wakawa sahihi.

Jambo moja zaidi: jiulize kama utaweza muhula wa tatu, si wa kwanza tu. Mtoto anayerudishwa nyumbani kila mwezi kwa sababu ya karo hapati faida ya lile darasa dogo. Anakaa nje ya lango, na wenzake wanaendelea.

Ukishachagua, lipa kwa usalama

Tuma karo kwa nambari ya paybill ya shule, si kwa simu ya mwalimu wala ya karani. Ukituma kwa mtu binafsi, shule inaweza kusema haikupokea, nawe huna pa kushika.

Kwenye akaunti, weka nambari ya usajili ya mtoto jinsi shule ilivyokuandikia. Ukikosea tarakimu moja, pesa inaweza kuingia kwa mtoto wa mwenyewe.

Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina la shule linalotokea kwenye simu. Likiwa tofauti, simama hapo hapo. Ukishatuma kimakosa, omba kurudishiwa mara moja. Usingoje kesho.

Usifute ujumbe wa malipo, na mwisho wa muhula uombe shule taarifa ya akaunti ya mtoto, uilinganishe na ujumbe wako mmoja mmoja.

Unapolipa kidogo kidogo, angalia ada ya kutuma. Pale inapokatwa kwako, malipo matano ya mia mbili hukatwa mara tano. Elfu moja kwa mpigo hukatwa mara moja. Kama unaweza, weka akiba kila siku na ulipe Ijumaa.

Jirani akiuliza tena Jumapili mbona unajitesa na karo, au mbona umempeleka mtoto shule ya serikali, utakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Tunakutakia muhula mwema, wewe na watoto.