Je, Wajua? Mbu Akishauma, Seli Hujitetea Zenyewe

Je, wajua kwamba mlipuko wa chikungunya, ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu, wa mwaka 2004 ulikikumba karibu kisiwa kizima cha Lamu? Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Viungo viliuma, wengine kwa miezi mingi, lakini kwa kawaida kirusi hicho hutoweka kwenye damu ndani ya wiki moja hivi. Dawa ya kukiua haikuwepo. Kilifukuzwa na miili ya watu wenyewe.

Je, wajua kwamba kingamwili, zile tunazozisikia kila tunapohimizwa kuchanjwa, huchelewa? Huchukua siku kadhaa kutengenezwa kwa wingi. Katika saa za mwanzo seli iliyoingiliwa, iwe ya ngozi, ya msuli au ya ini, hupambana kwa protini ilizonazo ndani.

Seli hujuaje kuwa imeingiliwa? Protini mbili, RIG-I na MDA5, hukagua nyuzi za RNA zinazopita. RNA halali ya seli hufunikwa kikemikali kwenye ncha yake ya mwanzo. RNA yenye ncha wazi inatiliwa shaka. Tena, ili kirusi kijinakili, hakina budi kutengeneza RNA ndefu ya nyuzi mbili zilizoshikana, kitu ambacho ni nadra kukikuta katika seli yenye afya. Hapo ndipo hunaswa.

Je, wajua kinachofuata? Seli humwaga interferoni. Iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs, Mwingereza, na Jean Lindenmann, Mswisi, waliokuwa wakichezea kirusi cha mafua na utando wa mayai ya kuku. Waliona kwamba seli zilizoguswa na kirusi kilichokwisha uawa kwa joto hutoa kitu kinachozikinga seli nyingine. Ni kama yowe la usiku kijijini: aliyevamiwa huenda asinusurike, lakini majirani wataamka na marungu mkononi. Interferoni ikiifikia seli jirani, mamia ya jeni huwashwa kwa mpigo. Homa na uchovu wa siku ya kwanza, tunavyomlaumu mbu kwavyo, kwa sehemu ni kazi ya interferoni hiyo hiyo.

Je, wajua protini zinazowashwa hufanya nini? Moja, IFITM3, hukaa kwenye utando wa vifuko ambamo seli humeza vitu kutoka nje. Kirusi cha dengi au cha West Nile kikimezwa, hukwama humo humo, hakifunguki. Kazi yake dhidi ya virusi hivyo na vya mafua ilitangazwa mwaka 2009. Nyingine, ZAP, hutafuta katika RNA mahali penye herufi C ikifuatiwa na G, mfuatano ambao RNA yetu inao kwa uchache sana. Inamdhibiti vizuri Sindbis, ndugu wa chikungunya aliyepatikana kwa mbu wa Misri mwaka 1952.

Ninayoipenda kuliko zote ni viperini. RNA huandikwa kwa herufi nne. Viperini huichukua moja, ile ya C, na kuiharibu kidogo tu kiasi kwamba bado inaonekana nzima. Mashine ya kunakili ya kirusi cha Zika au cha dengi huiokota, huiunganisha, na mnyororo unakatikia hapo. Siri hii ilifichuliwa mwaka 2018. Anayetumia dawa za ARV amekwisha kutana na mbinu hiyo bila kujua: tenofovir nayo ni herufi ya bandia inayokatisha mnyororo. Wanakemia walifikia wazo hilo kwa jasho jingi, kumbe seli ilikuwa nalo siku zote.

Je, wajua kwamba protini nyingine, PKR, huokoa mwili kwa kuitia njaa seli yake yenyewe? Ikigusa RNA ya nyuzi mbili, husimamisha utengenezaji wa karibu protini zote, za kirusi na za mwenye nyumba. Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa, kilichotambuliwa karibu na Naivasha, Kenya, mwaka 1931, kina jibu lake: protini iitwayo NSs, ambayo humwangamiza PKR na kuzima pia amri ya kutengeneza interferoni. Uhodari huo wote umo katika protini moja. Aina iitwayo Clone 13, iliyotokana na kirusi cha mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, imepoteza sehemu kubwa ya jeni ya NSs na haina tena makali; Afrika Kusini imeifanya chanjo ya mifugo.

Je, wajua kwamba dengi hugeuza panga letu kuwa ngao yake? Seli ina protini, XRN1, inayotafuna RNA kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ikiitafuna RNA ya dengi, hufika karibu na mkia na kukwama kwenye fundo lililosokotwa kwa namna ya pekee. Kipande kinachobaki hulala ndani ya seli na kuvuruga taarifa za RIG-I.

Panya wa maabara ni shahidi wa kuaminiwa kwa tahadhari. Wengi wao, kwa kuzalishwa wao kwa wao vizazi na vizazi, wana jeni mbovu ya Oas1b, hivyo West Nile huwaua upesi ambapo panya wa porini huhimili. Lakini dengi na Zika huwashinda nguvu kidogo tu. Virusi hivyo huvunja STAT2, protini inayopeleka ujumbe wa interferoni kwenye kiini cha seli, na STAT2 ya panya haivunjiki. Ndiyo maana watafiti hulazimika kutumia panya walioondolewa uwezo wa kusikia interferoni.

Ng'ombe je? Chikungunya huingia kwenye seli zetu kwa kushika protini ya juu ya seli iitwayo MXRA8. Ya ng'ombe ina kipande cha ziada pale pale pa kushikia, na kirusi hakipati mshiko.

Je, wajua kwamba kuna watu ambao miili yao huzima yowe lenyewe? Kirusi cha West Nile kilipatikana Uganda mwaka 1937, na wengi wanaoambukizwa hawahisi chochote. Takriban mtu 1 kati ya 150 hupata ugonjwa mkali wa mfumo wa fahamu. Kwa nini huyo mmoja? Mwaka 2023 watafiti walieleza kuwa karibu asilimia 40 ya wagonjwa waliovimba ubongo kwa kirusi hicho walikuwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe. Kingamwili kama hizo zimekutwa pia kwa baadhi ya watu wachache mno waliougua vibaya baada ya chanjo ya homa ya manjano. Tusiyachanganye: chanjo hiyo, iliyotengenezwa na Max Theiler na wenzake mwaka 1937, imeokoa watu wengi sana. Kasoro imo kwenye kinga ya hao wachache, na huonekana zaidi kwa wazee.

Na mbu mwenyewe? Hana interferoni hata chembe. Seli zake hukatakata RNA ya kirusi vipande vifupi na kuvitumia vipande hivyo kuwinda iliyobaki. Kirusi hupungua bila kwisha, naye huendelea kuuma nacho hadi afe.