Giza la Asubuhi Lisiwavunje Wana Wetu Ughaibuni

Desemba iliyopita, siku chache kabla ya Krismasi, nilipokea ujumbe kutoka kwa binti niliyemfundisha isimu miaka michache iliyopita. Sasa anasomea shahada ya uzamili katika mji wa Oulu, kaskazini mwa Ufini. "Mwalimu," aliniandikia, "nadhani nimegeuka kuwa mvivu. Nalala kwa muda wa saa kumi na mbili na bado naamka nimechoka. Nimekosa masomo wiki tatu. Nyumbani sijawaambia. Nifanye nini?"

Msomaji mpenzi, binti huyu ninamfahamu. Katika miaka minne aliyosoma kwetu, sikumbuki siku hata moja aliyochelewa darasani. Mtu wa aina hiyo hageuki kuwa mvivu kwa ghafla kama anayebadili nguo. Kwa hivyo sikumwuliza habari za masomo wala za fedha. Nilimwuliza swali moja tu: "Huko kunakucha saa ngapi?"

"Saa nne na nusu, mwalimu," akajibu. "Ikifika saa nane mchana jua limekwisha kutua."

Huenda swali langu likaonekana la ajabu, lakini linatoka moja kwa moja katika lugha yetu. Saa ya Kiswahili hufuata jua. Nairobi iko zaidi kidogo tu ya digrii moja kusini mwa ikweta, na mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika 10 na saa kumi na mbili na dakika 45 hivi. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili, ukizidi kwa dakika chache tu, iwe Juni au Desemba. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kuiita saa ya kwanza ya mwanga "saa moja" bila ya kuogopa kwamba jua lingewasaliti. Ndiyo maana pia tunasema "usiku kucha" na "mchana kutwa". Vitenzi viwili, kucha na kuchwa, vimetupa mipaka ya siku, na mipaka hiyo haihamihami.

Sasa ichukue saa hiyo uende nayo Edinburgh, Uskoti. Katika juma la tatu la Desemba, jua la huko huchomoza mnamo saa mbili na dakika 42 asubuhi na kutua mnamo saa tisa na dakika 40. Saa moja asubuhi ni usiku mtupu. Wakati tunaouita alasiri umekwisha kuwa magharibi. Mwanafunzi huingia darasani gizani na kutoka gizani. Na ikiwa ukumbi wake wa mihadhara hauna madirisha, anaweza kumaliza juma zima asilione jua.

Sisemi haya kwa kusimuliwa. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu katika mji huo, majira ya baridi ya kwanza nusura yanirejeshe nyumbani mikono mitupu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja, na jioni ikatuangukia kwa ghafla. Kufikia katikati ya Novemba nilikuwa nikilala kama gogo na kuamka kama mgonjwa. Nilikula mikate na viazi pasipo kiasi. Mara tatu nilikosa kufika kwa msimamizi wangu. Ukurasa mmoja wa kitabu niliusoma mara nne nisiambulie kitu.

Mama akanipigia simu. "Mwanangu, mbona sauti yako imekuwa mbali hivyo? Umekosana na mtu?"

"Ni baridi tu, mama," nikamjibu.

Jibu hilo halikuwa la kweli, lakini sikuwa na jingine. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Jambo lisilokuwa na jina halikosi kupewa jina. Hupewa jina baya. Mkenya mwenzangu aliyekuwa akisomea fani nyingine alifika Januari akashindwa kabisa. Akafungasha, akarudi. Kijijini kwao wengine walisema alikuwa mlevi, wengine wakasema amerogwa na waliomwonea kijicho. Hakuwa mlevi, wala hapakuwa na mrogi. Lugha ina mzaha wake: neno "mwanga" lina wingi wa aina mbili. Wanga ni wachawi wa usiku, na mianga ni nuru. Jamaa zake walihangaika kumtafuta mwanga wa kwanza, ilhali kijana alikuwa amepungukiwa na mwanga wa pili.

Mimi niliokolewa na ajuza aliyenipangisha chumba. Juu ya meza yake ya jikoni kulikuwa na taa pana kama sinia, nyeupe mno, ambayo aliiwasha kila asubuhi alipokuwa akinywa chai, tangu Oktoba hadi Machi. Nilidhani ni njia ya kubana matumizi ya umeme. Asubuhi moja alinitazama usoni, akasogeza kiti, akaniambia niketi. "Hili ndilo jua langu," akasema. "Kunywa chai yako hapa." Nikaketi, nikaendelea kuketi kila siku. Baada ya siku kumi hivi nilianza kuamka kabla ya kengele ya saa. Furaha haikunijia kwa mafuriko, la hasha. Ila nilirudi kuwa mtu anayeweza kusoma ukurasa mmoja na kuuelewa.

Hata hivyo, ushuhuda wa mtu mmoja si elimu, na mwalimu hapaswi kufundisha kwa hadithi za jikoni peke yake. Basi sayansi inasemaje?

Mnamo 1980, Alfred Lewy na wenzake katika Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Akili ya Marekani walionyesha kwamba mwanga mkali huzuia mwili wa binadamu kutoa melatonini, homoni inayouarifu mwili kuwa usiku umeingia. Mwanga hafifu wa taa za nyumbani haukuwa na nguvu hiyo. Wakati huohuo mhandisi mmoja, Herbert Kern, aliyekuwa ameandika kumbukumbu za hali ya moyo wake kwa miaka mingi, aliwaletea watafiti hao daftari zake. Zilionyesha kwamba kila mwaka siku zilipofupika alizama katika huzuni, na ziliporefuka akafufuka. Wakamweka mbele ya taa kali, naye akapata nafuu. Habari zake zilichapishwa mwaka wa 1982.

Miaka miwili baadaye, 1984, Norman Rosenthal na wenzake wakaeleza hali za wagonjwa 29 wa aina hiyo, na kuupa ugonjwa wenyewe jina katika utabibu. Yafaa tukumbuke kwamba Rosenthal ni mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyehamia Marekani mwaka wa 1976. Yeye pia alizoea jua la kwao, na alipofika kaskazini alihisi nguvu zake zikipungua kila majira ya baridi. Mgeni aliona kilichokuwa kimezoeleka machoni pa wenyeji.

Leo twajua kuwa ndani ya jicho, mbali na chembe zinazotuwezesha kuona, zimo nyingine ambazo kazi yake ni kuupasha ubongo habari za usiku na mchana. Saa iliyomo ubongoni hujirekebisha kila siku kwa habari hizo. Asubuhi ikiwa ya giza, saa hiyo huchelewa: mtu yuko darasani ilhali mwili wake unadhani ni usiku wa manane. Dalili zinatambulikana: usingizi usiokwisha, hamu kubwa ya vyakula vya wanga, kunenepa, kuchoka, kujitenga na watu, na huzuni inayorejea kila mwaka msimu uleule na kuondoka jua linaporudi.

Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Chumba cha kawaida kilichowashwa taa huwa na luksi 100 hadi 500. Jua letu la adhuhuri hufikia luksi 100,000. Taa ya tiba hutoa luksi 10,000, na hutumiwa kwa nusu saa kila asubuhi, mapema baada ya kuamka. Mtu huketi karibu nayo kwa umbali ulioelezwa na waliyoiunda, macho yakiwa wazi, lakini haikodolei. Anaweza kusoma au kunywa chai yake. Aghalabu nafuu huonekana katika juma moja au mawili, na akiacha mapema huzuni hurudi. Jioni isitumiwe, kwani itamfukuzia usingizi.

Je, yafaa kweli? Mwaka wa 2006, Raymond Lam na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti uliowahusu wagonjwa 96. Baadhi walitibiwa kwa mwanga, baadhi kwa dawa ya fluoksetini. Makundi yote mawili yalipata nafuu kwa kiwango sawa, takriban wawili katika kila watatu. Nao utafiti wa Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba tiba ya mazungumzo, inayomfunza mgonjwa kubadili mawazo na mazoea yake, hulingana na mwanga katika majira ya kwanza, na baada ya majira mawili waliofunzwa hivyo hawakurudiwa na ugonjwa kwa wingi kama wale wa taa. Kwa hivyo taa si muujiza. Ni chombo kimoja miongoni mwa vyombo kadha, na wapo matabibu wanaosema ushahidi wake bado haujatosha.

Tahadhari pia ni lazima. Taa huweza kuleta maumivu ya kichwa na uchovu wa macho. Mwenye maradhi ya macho, anayetumia dawa zinazoifanya ngozi au macho kuathirika upesi na mwanga, au mwenye ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha baina ya msisimko na huzuni, asiiguse kabla ya kumwona daktari. Wala taa hii haileti vitamini D, kwa kuwa miale inayoitengeneza huchujwa. Sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji kulikumbuka jambo hilo kando, maana huko Uingereza wataalamu wa afya wanatushauri kumeza tembe za vitamini hiyo mwaka mzima. Na aliyefikia kuwaza kujitoa uhai asingoje taa wala tembe. Amwite daktari siku hiyohiyo.

Kwa asiyekuwa na fedha za taa, dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Hata siku ya mawingu, nje kuna mwanga unaozidi mara nyingi ule wa chumbani. Atoke mara tu kunapokucha, atembee nusu saa, na akirudi aketi karibu na dirisha.

Wenyeji wa kaskazini hawalionei haya jambo hili. Wafini wana neno "kaamos" kwa kipindi ambacho jua halichomozi kabisa katika sehemu zao za mbali; Wanorwe nao wana "mørketid", wakati wa giza. Katika mji wa Rjukan, Norwe, uliozama bondeni na kukosa jua karibu nusu ya mwaka, mwaka wa 2013 walisimika vioo vitatu vikubwa mlimani ili vimulike uwanja wa mji. Watu wenye neno la jambo huweza kulijadili, na wakilijadili hulitafutia dawa. Sisi tunawapeleka wana wetu huko tukiwa tumewanunulia makoti mazito, wala hatuwaambii lolote kuhusu giza.

Napendekeza basi tuite hali hii "sonona ya majira". Kusononeka tunakujua, ni kuumia moyoni pasipo jeraha linaloonekana. Walimu wanaowaandikia wanafunzi barua za kuwatambulisha kwa vyuo vya ng'ambo na waongeze dakika kumi za mazungumzo: kule unakokwenda, mwulize daktari wa chuo mapema, mnamo Oktoba, wala usingoje Januari. Nanyi wanafunzi mnaobaki, mwenzenu akinyamaza huko aliko, msikimbilie kusema amejivuna. Mpigieni simu, mkamwulize kunakucha saa ngapi. Wazazi nao wajue kuwa mwana aliyeshindwa kuamka huenda hajaupoteza mwenendo wala imani yake.

Yule binti wa Oulu alikwenda kwenye zahanati ya chuo chake, akaazimwa taa, akapewa pia mshauri wa kuzungumza naye kila juma. Kozi mbili zilikwisha kumponyoka na itambidi kuzirudia. Lakini Februari aliniandikia tena, safari hii ukurasa mzima, na mwishoni akaniarifu kuwa amewaambia wazazi wake kila kitu. Wazee wetu husema hakuna usiku usiokucha. Wamesema kweli, ila wao walikaa karibu na ikweta. Aliye mbali na huko asikae kitandani akingoja kukuche. Na awashe taa.