Msitu Baada ya Moto

Mtu apitaye msituni baada ya moto mkubwa huona miti myeusi imesimama kama nguzo za nyumba iliyoungua, na chini majivu matupu. Hapo moyo humwambia: "Mali hii yapotea. Na ipasuliwe mbao upesi kabla haijaoza, kisha tupande miti mipya." Rai hii yaonekana kuwa ya busara, na wengi wenye dhamana ya misitu wameifuata. Wala hatuwashangai, maana sisi wenyewe tumefundishwa kuchukia israfu. Lakini twawaomba wasomaji wetu, hasa vijana, waisikilize kwanza habari hii.

Mwezi wa Julai 2002 radi ziliwasha moto katika milima ya kusini-magharibi ya jimbo la Oregon, Marekani. Moto huo, ulioitwa Biscuit, ulipita katika eneo la karibu hekta 200,000. Baadaye sehemu ya miti iliyokufa ikakatwa na kuuzwa. Daniel Donato, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oregon State, akaenda pamoja na wenzake kuhesabu miche ya misonobari. Mahali palipoungua pasiguswe na shoka, hesabu ya katikati ilikuwa miche 767 kwa hekta, na hapana mkono wa mtu ulioipanda. Mbegu zilitoka katika miti iliyosalimika. Palipokatwa miti, hesabu ilishuka hadi 224, yaani upungufu wa asilimia 71. Udongo ulikuwa umevurugwa, na miche imefukiwa na matawi. Tena matawi hayo yaliyoachwa chini yalikuwa kuni zilizowekwa tayari kwa moto mwingine! Basi kazi iliyofanywa kwa nia ya kuuponya msitu ilikuwa imewaua watoto wake.

Makala yao ilitoka katika jarida la Science mwezi wa Januari 2006, ikazua ugomvi mkubwa. Baadhi ya maprofesa wa chuo kile kile waliomba kuchapishwa kwake kuahirishwe, mhariri akakataa. Idara ya serikali iliyogharimia uchunguzi ikasimamisha fedha, kisha, baada ya kelele nyingi, ikazirudisha. Kijana yule hakuwa na cheo cha kumkinga. Alikuwa na hesabu zake tu.

Haki yatulazimu tutaje pia hoja ya wapinzani wake. Walisema kuwa miaka michache haitoshi kuhukumu jambo la msitu, ambao umri wake ni karne. Neno hili si la kutupwa. Kwa hiyo tuhamie Ujerumani, ambako muda umekuwa mrefu zaidi.

Huko Bavaria, katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1970, tufani ya mwaka 1983 iliangusha miti mingi sana. Waziri aliyehusika na misitu, Hans Eisenmann, akaamua kwamba katika hifadhi ile miti iachwe ilale ilipoanguka, ili watoto na wajukuu wapate msitu wa asili. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Mbawakawa wa magome wakazaana, na katika miaka iliyofuata maelfu ya hekta za misonobari aina ya sprusi zikakauka. Wanavijiji walikasirika, nasi twawaelewa: nani apendaye kuona mlima wa babu zake umegeuka kijivu?

Lakini gogo lililokufa si takataka. Kigogota hutoboa kiota ndani yake, wadudu na kuvu hulila polepole, nalo hutunza unyevu na kurudisha rutuba ardhini. Katika Sura ya Ar-Rum twaelekezwa kutazama jinsi Mwenyezi Mungu anavyoihuisha ardhi iliyokufa. Huenda tumezoea kuifikiria mvua peke yake.

Hatusemi kwamba mti ulioungua usikatwe popote. Uliosimama kando ya njia, au juu ya paa la mtu, ni hatari na uangushwe. Na mwenye shamba ambaye mwembe wake umeng'olewa na upepo ana haki ya kuni zake. Tusemayo ni juu ya misitu mikubwa, ambako watu huingia na mitambo kwa haraka kabla hawajainama kutazama chini.

Katika milima ile ya Bavaria msitu mpya umesimama, nao haukupandwa na mtu. Miche mingi ya sprusi imeota juu ya migongo ya magogo yaliyooza, mizizi yake imeyakumbatia.