MBEGU ZA MAGUGU HAZIFI UPESI

Mkulima wa Kitengela, huenda umepata kujiuliza: "Msimu uliopita nilipalilia mara mbili, hata shamba likawa safi. Mbona magugu yamerudi? Nani ameyapanda?" Ameyapanda yule aliyelima hapo kabla yako, au wewe mwenyewe, ulipoliacha gugu moja likomae.

Mwaka 1879 mwalimu wa elimu ya mimea huko Michigan, Marekani, jina lake William Beal, alitia mbegu za magugu pamoja na mchanga katika chupa 20, akazifukia. Chupa moja ilifukuliwa mwaka 2021, na baadhi ya mbegu zikaota! Kweli, nyingi zilikuwa zimekufa zamani. Lakini mbegu za muranha, mmea wenye sumu upendao kuota penye samadi, zilifukiwa Virginia mwaka 1902, na baada ya miaka 39 karibu zote zilikuwa hai.

Sasa litazame gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe. Mche mmoja waweza kuzaa mbegu 15,000 na zaidi. Ng'ombe akilila, maziwa huharibika ladha. Mtu akilishika mara kwa mara huwashwa ngozi. Mbegu zilizobaki juu ya ardhi hufa mapema, lakini zilizofukiwa hukaa hai miaka kadhaa.

Hapo ndipo udongo wetu mweusi unapotudhuru. Wakati wa kiangazi hupasuka, na mbegu hutumbukia ndani ya nyufa. Huko zalala, zikingoja. Siku trekta inapolima kwenda chini, huletwa juu tena, zikapata mwanga na mvua, zikaota.

Basi ling'oe gugu karoti kabla halijatoa maua, nawe uvae glavu. Palipokwisha kuanguka mbegu, usilime kwenda chini msimu huo. Tifua juu juu kwa jembe, ngoja mvua ya kwanza iyaoteshe magugu, yaue yakiwa machanga, ndipo upande mahindi au maharagwe. Utachelewa siku chache, nami najua mvua za Kajiado hazimngojei mtu. Kwa hiyo anza na kipande kile kilicho kibaya zaidi.

Samadi ya boma nayo huchukua mbegu zilizopita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Irundike, uinyunyizie maji, uigeuze mara kwa mara ipate joto kali ndani. Na trekta ya kukodi ikija, plau isafishwe matope mlangoni, kabla haijaingia shambani.