Ua la Uzi Chini ya Kikombe

Ukikaribishwa katika nyumba nyingi za Mombasa, Malindi ama Lamu, hukosi kukiona kitambaa cha kufuma. Utakiona juu ya televisheni, utakiona migongoni mwa viti, na hata kikombe cha kahawa utakachotengewa huenda kikawa kimekalia kitambaa kidogo mfano wa ua. Wageni husifu kahawa, wakasifu na haluwa. Leo, msomaji wangu, nataka tukiinue kikombe hicho tutazame kilicho chini yake.

Wako wanaume wanaoiita kazi hii mchezo wa wanawake wa kupitishia wakati. Mimi ni mtu wa mashairi, nami nasema hawajaitazama. Mshairi hufungwa na mizani: mizani 8 kwa kipande, ikizidi moja au ikipungua, shairi huwa guni. Mfumaji naye ana mizani yake, wala haandiki popote. Huihesabu kichwani huku akiongea na jirani.

Huanza kwa kulabu na kitanzi kimoja. Ndani ya kitanzi hicho hutia mafundo mafupi 6. Mzunguko wa pili huwa 12, wa tatu 18, wa nne 24. Kila mzunguko ukizidi kwa 6, kitambaa hulala sawasawa kama sahani. Akizidisha mno, ukingo hufanya mawimbi. Akiacha kuongeza, kitambaa huinuka pembeni kikawa bakuli. Na kofia ya kufuma tunayoivaa kwendea msikitini ni kitambaa hicho hicho. Fundi aliacha kuongeza kwa makusudi kilipofikia upana wa utosi. (Sisemi kofia ya vito. Hiyo ni kazi ya sindano na nguo, nayo yastahiki makala yake.)

Duara likisha, ndipo ua. Hupigwa matao ya vitanzi kuzunguka ukingo, kisha kila tao likajazwa: fundo fupi, refu, refu zaidi, refu, fupi. Petali ikatuna katikati na kunywea kandoni. Liko na waridi la kunyanyuka, lenye petali tabaka juu ya tabaka, zuri kwa kupamba. Lakini kikombe ukikiweka juu yake chayumba, na kahawa ikamwagika. Ua la kuwekea kikombe sharti lilale.

Waridi hilo lina safari ndefu. Jina la kazi yenyewe, kroshia, latokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kulabu ndogo. Huko Ayalandi, viazi vilipooza mashambani kuanzia mwaka 1845 na watu wakafa kwa njaa, watawa waliwafundisha wanawake maskini kufuma maua ya uzi, nayo yakauzwa kwa matajiri wa ng'ambo. Kazi iliyokuja kuwa pambo la sebule iliwahi kuwa posho ya wenye njaa. Kwetu iliingia wakati wa ukoloni, kwa skuli na madarasa ya kazi za mikono, na mama zetu wakaipokea kama waliozaliwa nayo.

Hata hapa kwetu bado ni posho. Mama mmoja wa Mji wa Kale nilimtazama akianza kitambaa kimoja baada ya sala ya alasiri, akakimaliza karibu na magharibi, na katikati amekwisha inuka mara tatu kwa ajili ya watoto na chungu. Seti ni ya vitambaa 6. Basi hizo ni alasiri 6 za mtu, mbali na bei ya uzi. Akaja mnunuzi, akavishika, akasema, "Nipunguzie, mamangu, si vijiuzi tu hivi?" Sijamsikia mtu akimwambia seremala kuwa mlango ni vijiti tu.

Na mnunuzi huyo huyo akienda dukani hulipia vile vya plastiki bila ya neno. Vile hutoka kwenye kalibu, maelfu kwa maelfu. Vipo na vya nyuzi vya kiwandani, ambavyo mashine huiga sura ya kroshia kwa ufumaji wa namna nyingine. Ua la kulabu la kweli, popote uliuonapo na kwa bei yoyote, lilipita vidoleni mwa mtu, fundo kwa fundo.

Mwenye kununua na aulize uzi. Pamba ndiyo hasa: hunywa jasho la gilasi ya maji baridi, na hustahimili kikombe cha moto. Nailoni huteleza, wala haipatani na moto. Kikifuliwa hutiwa wanga mwepesi, kikanyooshwa kingali kibichi. Wako wanaotumia maji ya sukari ili kikakamae. Hao nawaachia sisimizi wao.

Nilimuuliza mama yule kwa nini wafuma waridi siku zote, na hali sisi tuna asumini na kilua. Akacheka. "Kilua ni harufu, kakangu; harufu haifumiki." Lakini asumini, akasema, angeijaribu: petali 5 nyembamba, uzi mweupe mwembamba, kitovu cha manjano kidogo. Shida yake ni kuwa petali nyembamba huacha mianya, na kikombe chataka pa kukaa. Akaitwaa kulabu, akaanza kuhesabu.